Alipanga Siku ya Posa Ili Auharibu Mpango Wangu

Ndugu wasomaji, nina miaka thelathini na minane. Nimezaliwa Kuze, mtaa wa kisiwani Mombasa, nimelelewa Kuze, na mpaka leo naishi Kuze na mamangu, katika nyumba aliyotuachia marehemu babangu. Niliwahi kuolewa nikiwa msichana. Ndoa ile ilivunjika bila ugomvi mkubwa, na tangu hapo nikajifunga na kazi. Nilidhani mambo ya mapenzi yamenipita... Kumbe wapi!

Haya nayaandika huku nikiinuka na kuketi, nikiinuka na kuketi. Siku hizi situlii mahali. Nikikaa naona kama kuna jambo nimelisahau, nakwenda dirishani, narudi. Mamangu amechoka kuniambia nitulie. Nisikilizeni basi, huenda nikilitoa lote nitapata pumzi.

Mimi ni mkuu wa idara ya kompyuta katika kampuni kubwa inayohifadhi bidhaa za baridi: samaki, kamba, parachichi za kupelekwa ng'ambo, na dawa za hospitali za bara. Tuna maghala hapa kisiwani na matawi huko bara. Kila shehena inayoingia na kutoka, kila kipimo cha baridi cha kila chumba, vyote hupita katika kompyuta zetu.

Seva zetu, yaani zile kompyuta kubwa zinazobeba kumbukumbu zote za kampuni, zilikuwa katika chumba kimoja cha ghala letu la hapa kisiwani, upande wa kuelekea Kibarani. Zilikuwa zimechakaa. Hewa ya chumvi ilikuwa imezila mpaka kwenye misumari, na kiyoyozi kikizima zilikuwa zikinguruma kama zinataka kuruka.

Mkurugenzi wetu, Bwana Mutiso, aliniita ofisini kwake. Akaniambia makampuni mengine yamehamia kwenye wingu. Maana yake wanakodi nafasi katika kompyuta za mbali za makampuni makubwa, wanazifikia kwa intaneti, na hawahangaiki tena na vyumba vya joto na kutu. Akanitaka niandike mpango wa kampuni nzima: kipi kiende winguni, kipi kibaki kwetu, na viwili hivyo vitafanyaje kazi pamoja.

Nani hangefurahi? Miaka yote nilikuwa mtu wa kuitwa printa ikikwama. Leo naambiwa nichore njia ya kampuni nzima!

Niliishika kazi ile kwa moyo wote. Mishahara, barua na hesabu za matawi niliandika ziende winguni, maana huko zingekuwa salama kuliko kwetu. Lakini ving'ora vya baridi na rekodi za shehena nilisema vibaki hapa hapa kisiwani, kwenye seva mpya, na nakala zake ndizo zipande winguni. Kwa nini? Kwa sababu intaneti yetu ilikuwa inaingia kisiwani kwa waya, na barabara zetu hazikosi wachimbaji. Waya ukikatwa, samaki hawangojei fundi.

Mwenzangu idarani, Atieno, ambaye babake alikuja Mombasa na kazi ya reli na hawakurudi tena kwao, ndiye aliyenisaidia. Tulizunguka ghala kwa ghala, tukiuliza kila msimamizi nini kitatokea akikaa bila kompyuta kutwa nzima. Wengine walicheka. Yule wa chumba cha dawa hakucheka.

Hapo ndipo alipoingia Idris.

Kampuni ilimleta kama mshauri kutoka Nairobi, aje atusaidie kuupiga msasa mpango wetu. Lakini asili yake alisema ni Lamu, na Kiswahili chake kilikuwa cha kwao hasa, kitamu, kisicho haraka. Alikuwa na umri wangu, hajaoa. Siku ya kwanza aliusoma mpango wangu wote mbele yangu, ukurasa baada ya ukurasa, kisha akasema hajaona mtu wa Mombasa aliyeifikiria kazi hii kwa kina namna ile. Mimi ambaye sijasifiwa kwa muda mrefu... mnadhani nilijisikiaje?

Alikuwa amepanga nyumba Likoni. Jioni tukitoka kazini alinitaka nimsindikize mpaka Feri, kwenye kivuko, na kabla hajavuka tulisimama pale penye wauza mihogo na maji baridi, watu wakitupita kwa mamia, sisi tunabishana habari za seva na nyaya. Sikuwahi kudhani mtu anaweza kutongozwa kwa maneno ya aina hiyo. Nilitongozeka!

Alikuja nyumbani. Alimwamkia mamangu kwa adabu, akauliza habari za marehemu, akala alichopewa na kuomba dua kabla ya kuondoka. Kesho yake nilimsikia mamangu akiimba akichambua mchele.

Tatizo lilikuwa moja. Idris alitaka kila kitu kiende winguni. Kila kitu! Alisema seva za kisiwani ni mambo ya kizamani, na kwamba nakumbatia chumba cha kutu kwa sababu nimekizoea. Nilimweleza habari ya waya. Akasema tutaweka nyaya mbili. Nikamwambia hizo mbili zitapita daraja lile lile la Makupa linalotuunganisha na bara, kwa hiyo ni kama moja. Siku kadhaa hakunipigia simu, na mimi, msinicheke, nilikuwa nikiitazama simu kama mgonjwa anayengoja majibu.

Kisha akarudi akiwa mpole. Akasema nimemshinda kwa hoja, mpango ubaki nilivyoutaka. Halafu akasema anataka kuleta posa.

Nililia. Nilimwambia mamangu naye akalia. Ami yangu Swaleh, ndugu wa babangu, aliitwa, akasema watu waje tu, nyumba haina pingamizi. Idris mwenyewe ndiye aliyeichagua siku. Alhamisi, baada ya alasiri. Akasema wazee wake watatoka Lamu.

Wiki hiyo hiyo aliniomba nimpe mpango niliouandika ili anyooshe lugha yake kabla haujasomwa mbele ya bodi. Bodi ilikuwa ikutane wiki ya pili yake. Nilimpa bila kufikiri mara mbili. Mtu anayekuja kukuposa utamnyima kazi yako aipitie?

Alhamisi ile nilichukua ruhusa kazini. Tangu asubuhi nyumba ilijaa wanawake. Sufuria za biriani zilikuwa uani, halwa imefunikwa, udi umefukizwa mpaka kwenye ngazi. Vijana wa mtaa walipanga viti kichochoroni. Nilipakwa hina viganjani, nikakaa chumbani na shangazi zangu, mikono nimeitandaza kama mtoto.

Ikaadhiniwa alasiri. Watu wakasali, wakarudi, wakaketi. Ami Swaleh alikuwa amevaa kanzu yake nzuri na amekaa kiti cha mbele.

Tukangoja.

Kahawa ikazungushwa mara ya kwanza. Ikazungushwa tena. Mazungumzo ya wanaume kichochoroni yakaanza kupungua. Nikampigia Idris, simu yake imezimwa. Nikajiambia wako njiani, labda foleni ya Feri... Nikampigia tena. Imezimwa. Shangazi mmoja alinitazama, akageuza uso.

Ndipo simu yangu ikalia. Alikuwa Atieno. Alikuwa akizungumza kwa sauti ya chini, kama mtu aliyejificha nyuma ya mlango.

"Rukia, uko wapi? Idris anausoma mpango wako mbele ya bodi. Lakini huu si ule tuliouandika. Seva za kisiwani hazimo."

Nilimwuliza bodi gani, wakati mkutano ni wiki ijayo. Akaniambia Idris ndiye aliyeomba ufanywe mapema, na wote waliambiwa mimi ninajua.

Wasomaji, kuna maumivu yanayokuja mawili kwa pamoja mpaka hujui ulilie lipi. Nilikuwa nimekaa na hina mikononi, wanaume wa ukoo wangu wako nje wanamngojea mtu, na mtu yule yuko ofisini kwangu, kwenye kiti changu, anazungumza kwa jina langu! Siku ile aliichagua yeye. Aliichagua ili niwe nyumbani.

Nilivaa buibui, nikatoka mlango wa nyuma. Sikumwambia mtu. Nilipita vichochoroni nikikimbia, nikapata tuktuk, na njia nzima nilimhimiza dereva kama vile mgonjwa yuko ndani.

Nilifika wakati wanatoka mkutanoni. Bwana Mutiso alinipa mkono akanipongeza, akasema mpango umepita wote. Nikamwambia mpango ule si wangu. Nilimwambia mbele ya watu, na hina imenichuruzika mpaka kwenye mkono wa buibui. Alinitazama kwa huruma... Ile huruma ndiyo iliyoniumiza zaidi. Akasema Idris amewaeleza kwamba tulikubaliana mabadiliko pamoja, na kwamba siku hizi nimekuwa na mawazo mengi kwa ajili ya mambo ya ndoa, wanivumilie. Akasema tutazungumza nikipumzika.

Idris alikuwa amesimama kando, anafunga mkoba wake. Nilimfuata. Nilitaka aseme neno lolote. Aseme amekosea, aseme wazee wamechelewa, hata aniongopee.

"Rukia," alisema, "mambo ya kazi na mambo ya nyumbani usiyachanganye."

Akaondoka.

Niliporudi Kuze, viti vilikuwa vimeanza kuwa vitupu. Ami Swaleh alikuwa bado ameketi pale pale mbele, mikono juu ya mkongojo, kama aliyekataa kuamini. Mamangu alinitazama mara moja tu, akajua. Hakuniuliza nilikotoka.

"Hawayi tena hawa," alisema. Kisha akawageukia wanawake. "Pakueni. Chakula hakina makosa."

Na kweli kilipakuliwa. Sahani zilipita nyumba kwa nyumba na madrasa nzima ikala biriani ya posa yangu. Mamangu aligawa mwenyewe, uso mkavu, mpaka sufuria ya mwisho. Aliingia chumbani kwake akafunga mlango, na mimi nikabaki uani, siwezi kuketi, siwezi kulala.

Mtaani maneno hayakukosa. Wako waliosema nilikuwa na ila ambayo jamaa aliigundua. Wako waliosema mwanamke wa ofisini haolewi. Mamangu aliacha kwenda harusini. Aliacha hata kukaa mlangoni.

Kazini niliandika malalamiko, nikaenda kwa huyu na yule. Nikaonyesha nakala yetu ya kwanza; nikajibiwa hiyo ni ya kabla ya mabadiliko, na bodi imeshapitisha. Seva zetu zilibebwa na wanunuzi wa vyuma chakavu, chumba kikafanywa stoo ya makaratasi. Rekodi za shehena zikaenda winguni. Ving'ora vya baridi vikaenda winguni, kwa nyaya mbili zilizopita Makupa. Idris akarudi Nairobi bila kuniaga, na mpango ukabaki ofisini na jina langu kubwa juu yake.

Mbona sikuacha kazi? Nimejiuliza sana. Nadhani niliogopa kwamba siku waya utakapokatwa, hakutakuwa na mtu anayejua la kufanya. Kila asubuhi nikivuka mahali wanapochimba barabara nilihesabu majembe kwa macho. Nilinunua vipimajoto vya mkono nikaviweka dawatini. Atieno alivicheka, kisha naye akanunua vyake.

Siku ilipofika, ilikuwa adhuhuri ya joto kali. Mashine ya kuchimba ilikuwa ikitengeneza mtaro karibu na daraja la Makupa, ikakata nyaya zote mbili. Zote mbili, kama nilivyosema!

Kompyuta za ghala ziliganda. Hakuna aliyejua shehena ipi ni ya nani wala iko chumba gani. Malori yakaanza kupangana nje. Hilo lingevumilika. Baya ni kwamba mtambo wa baridi wa vyumba vitatu ulizima mchana ule ule, na king'ora hakikulia. Kingeliaje? Kilikuwa kinangoja amri kutoka kompyuta iliyo nchi nyingine.

Mimi na Atieno tulikimbia na vipimajoto vyetu, mlango kwa mlango. Maghala ni makubwa, milango ni mingi, na sisi tuko wawili. Tulipofika vyumba vile vitatu baridi ilikuwa imekwisha toka. Msimamizi wa chumba cha dawa aliketi chini sakafuni, kofia mkononi. Zilikuwa dawa za wagonjwa wa kisukari na chanjo za watoto, zote za kutupwa.

Chumba kingine kilikuwa na kamba wa Bi Salama. Huyu ni jirani yetu Kuze, mjane, anayepelekea mahoteli. Miaka yote alikuwa akija kwetu kuomba ushauri wa simu yake. Nilimkuta kesho yake mlangoni mwa ghala, harufu imeshatoka nje, leso ameibana puani. Alinishika mkono.

"Rukia, watu waniambia ndiwe ulioandika mambo haya. Kweli?"

Ningemwambia nini? Jina langu lilikuwa pale.

Nilisimamishwa kazi siku hiyo. Bwana Mutiso hakunikemea. Alisema tu bodi inataka aliyeandika mpango ajibu.

Kilichofuata sitaki kukumbuka, lakini lazima niseme. Nilikuwa nikitoka nyumbani asubuhi kana kwamba naenda kazini. Nilitembea kwa miguu kutoka Kuze mpaka Feri, nasimama pale penye wauza mihogo, narudi. Nakwenda tena. Miguu ilivimba. Nikiona mwanamume mwenye mkoba nageuka kumtazama. Mamangu alinifuata mara moja kwa mbali, mimi sijui, akaniona nikizunguka vile. Aliporudi akaniambia kwa upole nimwambie yote. Nikamwambia yote, mpaka habari za waya. Hakuelewa habari za waya. Alielewa kwamba sikuandika mimi, na hilo lilimtosha. Siku hiyo alitoka akakaa mlangoni kwake, kwa mara ya kwanza tangu posa.

Atieno naye hakunyamaza. Kila kikao cha uchunguzi alisimama akasema tuliandika mpango mwingine, mpaka akaonywa. Ukweli hatimaye ulitoka mahali ambapo hatukutarajia. Kampuni ile iliyotukodishia wingu ilimtuma mtu wake kuja kutuuzia nafasi zaidi. Katika mazungumzo, kwa kujisifu, akamwambia Bwana Mutiso kwamba Idris aliwasaidia sana, na kwamba wao huwalipa vizuri washauri wanaowaletea mteja mzima badala ya nusu. Alidhani mkurugenzi anajua.

Mteja mzima badala ya nusu... Hiyo ndiyo ilikuwa bei ya viti vilivyopangwa kichochoroni kwetu.

Bwana Mutiso aliwaandikia waajiri wa Idris huko Nairobi, naye akaachishwa kazi; ndipo aliponipigia simu. Alisema amekosa. Alisema mapenzi yake yalikuwa ya kweli, ila madeni yalimbana, na kwamba posa aliikusudia, angeileta tu mambo yakitulia. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Halafu nikamwuliza swali moja.

"Wazee wako Lamu, uliwaambia kwamba kuna posa?"

Nilisikia magari ya Nairobi yakipita nyuma yake.

Nikakata simu. Ami Swaleh alikaa kwenye kiti kile mpaka magharibi, akiwangojea watu ambao hawakuwahi kuambiwa wasafiri!

Bwana Mutiso aliniita nirudi kazini, niuandike mpango upya. Nilimwambia nitarudi, lakini kwanza aje Kuze. Sikutaka barua. Nilitaka aje.

Alikuja, Jumapili, baada ya kanisa, na suti yake. Alivua viatu mlangoni. Bi Salama alikuwepo, na Ami Swaleh, na baadhi ya majirani waliokula biriani ile. Akasimama katikati ya sebule yetu akasema kwamba Rukia aliwaonya mapema, kwamba wao hawakumsikiliza, na kwamba waliamini maneno ya mgeni kwa sababu waliona ni rahisi kuamini kuwa mwanamke amechanganyikiwa na ndoa. Alisema hivyo hivyo. Bi Salama alilia. Mamangu alimwonyesha kiti.

"Umechelewa," alimwambia, "lakini umekuya."

Nimerudi kazini. Seva mpya ziko kisiwani, ving'ora vinalia hapa hapa, na nakala zinapanda winguni kila siku. Bi Salama ameanza upya, ingawa mahoteli mengine hayajamrudia. Mimi bado nazunguka na kipimajoto mfukoni, hata palipo na king'ora kizima. Nikisikia mtu anabisha hodi baada ya alasiri, moyo unaruka.

Dada zangu, na nyinyi kaka zangu pia, nawasihi. Mtu akikupenda, mwache akupende, lakini kazi ya akili yako usimkabidhi aende nayo kwa sababu ameahidi kuja kwenu. Siku ya kusomwa uliyoyaandika, kasome mwenyewe, hata kama nyumbani kuna sherehe. Na anayesema ataleta wazee, watafuteni wazee wake muwasikie kwa vinywa vyao kabla hamjawasha moto.

Sisi tuliwasha moto, tukapika, tukangoja. Nyinyi msingoje hivyo.